Mtani Wangu wa Chumba cha Kibali

Bawabu, mashine inayolinda programu za shule, alitangaza wakati wa chai, walimu wote tukiwa na vikombe mkononi, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Fagio litapita siku ya kufungua mwaka wa masomo. Msamaha wa vishikwambi vya wanafunzi wenye ulemavu umeondolewa. Programu yoyote isiyo na kibali itafutwa, pamoja na yote iliyojifunza. Nawatakia likizo njema."

Sauti yake ni ya kijana mpole aliyelelewa vizuri, na hilo ndilo huniudhi zaidi. Mtu akija kukupora, angalau asikutakie likizo njema.

Nilitua kikombe mezani, chai ikamwagika. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Tweve, alijifanya anatafuta sukari.

"Mmesikia wote?" nikauliza. "Au ni mimi peke yangu niliyesikia kuwa wanataka kumkata mtoto ulimi mara ya pili?"

"Mwalimu Mbano, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Kanuni za Uwekaji wa programu hazikutungwa na mimi. Omba kibali kama wenzako. Si yule Mhehe wako yuko pale tarafani?" Alinyoosha kidole kwenye kisanduku cha ukutani. "Na punguza sauti. Huyu anasikia hapa, na anasikia popote kilipo kishikwambi cha shule."

"Asikie. Ndiye ninayemwambia."

Nilitoka nikaenda darasa la tano. Watoto walikuwa nje wanakimbizana kwenye ukungu, Tusekile alikuwa ndani peke yake kwenye kiti chake cha magurudumu, kishikwambi kimefungwa mbele yake. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa mdogo. Ilichukua maneno, mikono na miguu, ikamwachia macho, pembe moja ya mdomo, kidole kimoja cha mwisho, na kiburi kikubwa kuliko umri wake.

"Wananifuta mimi au wanaifuta hii?" akauliza. Yaani kishikwambi kiliuliza, lakini mimi nilishaacha zamani kutofautisha.

"Nani kakwambia?"

"Kimetangaza hapa pia. Kimenitakia likizo njema."

"Wanaifuta programu, mwanangu. Si wewe."

Kope yake ilicheza, kidole kikagusa mara moja. "Ni kitu kile kile," akasema.

Programu yenyewe inaitwa Nisemee. Haina kampuni wala nembo. Aliitengeneza mama mmoja wa mkoa wa mbali kwa ajili ya mtoto wake, ikaanza kupita mkono kwa mkono hadi ikatufikia. Inakuja tupu, haijui kitu, na inabidi ikae na mtoto mmoja ijifunze kope yake na kidole chake. Mwanzoni Tusekile akitaka maji ilisema "mlango". Akitaka kwenda chooni iliimba. Alilia sana darasa la tatu lote, na mimi nililia naye, mpaka ikamshika. Sasa anabishana na walimu. Kuihamisha haiwezekani, kwa sababu vishikwambi vya shule vimefungwa, hakitoki kitu, na kanuni ndivyo inavyotaka. Ikifagiliwa, anaanza upya na "mlango", akiwa amebakiza miaka miwili kumaliza shule.

*

Ofisi ya tarafa ina mbwa mzee anayelala kizingitini. Nilimruka nikaingia.

"Mbwa huyu bado mzima, hajaliwa?" nikasema. "Mhehe, unaumwa nini?"

Vitalis Mdemu, Afisa wa Idhini, hakuinua macho. Alikuwa amevaa lile koti lake la sufu ambamo wangeweza kuingia watu wawili na mzigo wao. "Na Mngoni gani huyu anayepita mlangoni? Ninyi si mmezoea kutoka mbio dirishani, tangu babu zenu walipokutana na babu zetu?"

"Babu zetu walikimbia harufu."

"Kaa. Usiguse kitu."

Zamani Wangoni na Wahehe walipigana vibaya. Walipochoka kuzikana, wakakubaliana kutukanana mpaka mwisho wa dunia bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu, akauliza umepika au umefua. Na ukifiwa, huyo huyo ndiye anayeshika koleo. Mume wangu Longinus alipofariki, Vitalis aliruka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. "Mzee huyu hakufa kwa moyo," akapaza sauti kutoka kule chini. "Amekufa kwa mdomo wa huyu mwanamke wa Kingoni. Moyo umeomba ruhusa, umeondoka." Watu walicheka hadi padri akageukia ukuta wa kanisa.

Hakuna aliyejua kuwa asubuhi ile nilikuwa nimemfokea Longinus kweli, kwa sababu ya jembe alilolisahau nje mvuani, na kwamba akatoka na maneno yangu, akadondoka shambani. Nilimwambia Vitalis peke yake, langoni, kabla ya mazishi. Kitu hicho kilikuwa kimenikaba, sipumui. Yeye akakichukua akakitupa mbele ya watu wote kama mzaha, nikacheka, na baada ya kucheka nikaweza kulia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Sijaona daktari anayeiweza.

"Haipiti," Vitalis alisema nilipomaliza kueleza. "Programu isiyo na baba."

"Ina mama."

"Mama gani? Unamjua? Unajua inapeleka wapi inachokisikia? Mimi nilikaa kwenye baraza la uchunguzi, Mbano. Niliona sura za watoto wa wilaya ya jirani zinauzwa kama nyanya. Sauti zao zinatapeli watu wasiowajua. Na nani aliweka zile programu mashuleni? Walimu wakuu, kwa ajili ya shemeji zao na marafiki zao. Kanuni hii usiione ngumu. Ilitungwa na watu waliokuwa wanalia."

"Basi njoo umwone," nikasema.

Alikuja mchana huo huo, na kifaa chake cha ukaguzi. Alifungua matumbo ya Nisemee mstari kwa mstari, akatafuta mlango wa siri wa kupeleka maneno nje, hakuupata. Bado uso wake ulikuwa umekunjamana. Kisha akainama mbele ya kiti cha Tusekile.

"Hujambo, mjukuu wangu."

"Shikamoo, babu," kikasema kishikwambi. Pembe ya mdomo wa mtoto ikapanda. "Koti hilo limekushinda. Mrudishie mwenyewe."

Vitalis alisimama wima. Alilitazama koti lake, akamtazama Tusekile, akanitazama mimi. "Haya hakufundishwa na mashine," akasema.

"Hakuna mashine ya kufundisha hayo."

"Njoo ofisini kesho. Tunaingia chumbani."

*

Chumba cha kibali kina viti viwili vinavyotazamana na bamba la shaba katikati. Mwombaji anaweka kiganja chake upande huu, mwidhinishaji upande ule. Bawabu husoma mapigo ya damu, jasho, joto la uso na mtetemo wa sauti, na ukutani sindano mbili zinapanda kwa upendo au kushuka kwa chuki. Kanuni ya Ukaribu inasema wawili hao wasiwe watu wanaopendana. Sindano yoyote ikivuka mstari mwekundu, kibali hakitoki, kwa hofu ya upendeleo. Na mwidhinishaji ni wa tarafa yako tu, huchagui mwingine.

Mimi na Vitalis tulikuwa tumepita chumba hicho mara nyingi. Tuliingia tukitukanana, Bawabu akasikia matusi, akaamini ni maadui, sindano zikalala. Hivyo ndivyo watoto wasioona walivyopata programu ya kusomewa vitabu. Vitalis hakuwahi kupitisha kitu kibaya, alikagua kila kitu hadi mifupa, lakini bila utani wetu hata kizuri kisingepita.

"Unakumbuka yule mwalimu na jino lake?" aliniuliza tukijiandaa, anacheka. "Afisa wa tarafa yao alikuwa dada yake wa tumbo moja. Jino linamuuma, uso umevimba. Dada naye kachoshwa na jino hilo. Sindano zote mbili zikalala chini kabisa. Bawabu akawapongeza kwa kuwa hawapendani."

"Kumbe alikuwa analichukia jino."

"Bawabu hapimi unamchukia nani. Anajua tu kuna chuki mwilini." Akaweka kiganja kwenye bamba. "Haya, mkimbizi. Anza."

Nilianza. Nilimwambia kichwa chake kimekaa kama kiazi kilichong'olewa mapema. Akaniambia Wangoni waliishia kusini kwa sababu hawakujua kuuliza njia. Nikasema ukoo wake wote ukisimama mstari mmoja hapatikani mtu hata mmoja wa kuolewa naye kwa hiari. Tulikuwa kwenye kilele cha ubora wetu. Nilitupia jicho ukutani, nikaona sindano zote mbili zimevuka mstari mwekundu na bado zinapanda.

"Samahani," akasema Bawabu. "Toleo langu jipya limefundishwa mila za nchi, ukiwemo utani. Ukaribu wenu ni mkubwa kuliko wa wanandoa wote niliowapima tangu niboreshwe. Ombi limekataliwa. Mmebakiwa na jaribio moja. Likishindikana, programu itapigwa marufuku kabisa."

Nilitaka kuivunja ile shaba. Nilisema maneno ambayo si ya utani, na si ya mwalimu. Vitalis alinishika kiwiko akanitoa nje, tukakaa kwenye ngazi karibu na mbwa.

"Kwa hiyo tukipendana mtoto anakuwa bubu," nikasema. "Kanuni gani hiyo?"

"Kanuni nzuri, imewakuta watu wasiofaa."

"Usiitetee mbele yangu leo."

Alimkuna mbwa shingoni. "Gaudensia," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo. "Hunichukii hata kidogo? Hakuna kitu?"

"Nikuchukie kwa lipi? Umeninyima nafasi."

"Hapo ndipo penye tatizo." Akatazama miti ya misonobari ng'ambo ya barabara. "Kibali kinapimwa upya kila Januari, si ndiyo? Mpaka mtoto atoke."

"Ndiyo. Na katikati hapo Bawabu anasikiliza, akinusa urafiki anafuta. Kwani hujui? Si wewe ndiye afisa?"

"Najua," akasema. "Njoo kesho asubuhi."

*

Asubuhi nilimkuta ameshakaa chumbani. Koti alikuwa amelivua, limetundikwa nyuma ya mlango. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti, alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

"Karibu, Mwalimu Mbano."

Nilicheka. Nilidhani kapata mbinu mpya. "Heshima imetoka wapi? Umeota nini, Mhehe?"

"Weka mkono wako, tafadhali."

Niliweka. Shaba ilikuwa baridi. Bawabu akasema tuanze.

"Siku ya mazishi ya Longinus," Vitalis alisema, "nilipolala kaburini. Unakumbuka nilichosema?"

"Vitalis, hicho kiache."

"Nilisema umemuua kwa mdomo wako. Watu wakacheka, na wewe ukacheka." Hakuwa ananitazama, alitazama bamba. "Mimi sikuwa natania."

Sikuelewa. Nakumbuka hata nilitabasamu, nikingoja mwisho wa maneno, kwa sababu kwa mtani mwisho upo daima.

"Langoni uliponiambia ulivyomfokea asubuhi ile, nilikuchukia hapo hapo. Longinus alikuwa rafiki yangu. Mtu anatoka nyumbani kwake na kelele za mkewe masikioni, kwa ajili ya jembe, anakwenda kufa peke yake kwenye mahindi. Nilishuka kaburini nikalisema mbele ya watu wote kwa sababu nilijua watalichukulia kama mzaha. Ilikuwa njia pekee ya kusema ukweli. Na kila nilipokutania tangu siku ile, nilikuwa nakwambia hilo hilo."

"Nyamaza."

"Ulimuua, Gaudensia. Ukacheka kwenye kaburi lake."

Kuna mambo mtu huwezi kumweleza asiye na watani. Ngumi ningeivumilia. Angenitukania mama, ningerudisha. Lakini utani unasimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba haukumaanishwa, na yeye alirudi nyuma miaka yote ile akang'oa hicho kimoja. Kile kicheko kilichoniokoa kikawa cha mwanamke mpumbavu anayechekea hukumu yake mwenyewe. Kitu kilichonitoka kooni siku ya mazishi kilirudi mahali pake, kikakaa kama hakijawahi kuondoka.

Nilimchukia. Sikujua mwili wangu unaweza kuchukia hivyo, meno yaliniuma. Ukutani sindano yangu ilianguka chini ya mstari. Yake ilianguka chini ya yangu, ikagonga kizuizi, ikabaki inatetemeka pale.

Ndipo nikaamini kila neno. Nilikuwa bado na tumaini dogo kuwa anaigiza, ile sindano ikalimaliza. Mashine haidanganywi, na mashine ilisema chuki yake imeipita yangu.

"Hongereni," akasema Bawabu. "Hakuna upendeleo kati yenu. Nisemee imepewa kibali cha mwaka mzima ujao wa masomo, hadi Januari itakayoufuata. Nitaendelea kuwasikiliza."

Niliondoa mkono. Nilimtemea mate kwenye viatu. Vitalis hakuyafuta, na hakuinua kichwa hadi nilipotoka. Mbwa alitaka kunifuata barabarani, nikamfukuza kwa jiwe.

*

Fagio lilipita siku ya kufungua shule. Walimu walipoteza michezo yao na vitabu vyao vya mapishi, Bwana Tweve akapoteza kitu ambacho hakutaka kutuambia ni nini. Tusekile aliingia darasa la sita akiwa na maneno yake yote. Alibishana na mwalimu wa sayansi kuhusu mwezi. Alitunga shairi la kumsema mpishi wa uji. Kila nilipomsikia nilifurahi, na kila nilipofurahi nilikumbuka furaha hiyo ilitoka kwenye mdomo gani, nikakasirika upya.

Vitalis akija kukagua tuliitana Afisa na Mwalimu. Tulipeana karatasi bila vidole kugusana. Nilimtakia mabaya, sioni haya kusema. Nilisikia amelazwa na kifua, nikaendelea kumenya viazi.

Wakati wa baridi kali mama yangu alifariki. Alikuwa mzee sana, tulimtarajia aende, lakini hakuna anayemtarajia mama yake aende. Nyumba ilijaa. Wahehe nao walikuja, kama inavyopasa, na mimi nikajikuta naangalia mlangoni, nikingoja yowe la kwanza, mtu wa kuuliza kama marehemu kafa au kakimbia kupika kwangu.

Hawakupiga yowe. Waliingia wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti vya wageni, mikono mapajani. Vitalis alikuja na lile koti na tai nyeusi. Alinipa mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, Mwalimu Mbano. Mungu amlaze mahali pema."

"Ahsante, Afisa."

Makaburini hakuna aliyeruka shimoni. Hakuna aliyedai jogoo. Jeneza lilishuka kwa adabu, udongo ukarudi kwa adabu, na mimi nilisimama pale macho makavu kama kuni, kwa sababu hakuna aliyenichekesha kwanza. Wangoni wenzangu walinong'ona kuwa Wahehe wametudharau. Nilikubaliana nao.

Tuliporudi nilikuwa nyuma ya nyumba napakua ugali, Mama Kikoti akanifuata. Ni mtani wetu wa Kihehe wa miaka mingi, aliyewahi kujifunga shuka la marehemu kwenye msiba wa shemeji yangu na kukata viuno.

"Mngoni, usitudhanie vibaya," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimi unaniwasha tangu asubuhi. Mama yako alikuwa na meno mawili na maringo ya meno thelathini, ningeanzia hapo. Vitalis ametukataza."

"Amewakataza nini?"

"Kasema nyumba hii isitaniwe mpaka yule mtoto wa kwenye kiti amalize darasa la saba. Kasema hata neno moja. Nikamuuliza kuna nini, akaanza kulia, mtu mzima vile. Sikuuliza tena."

Akaondoka na sinia lake. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, ugali unapoa.

Jino, nikawaza. Yule mwalimu alikuwa analichukia jino. Bawabu hapimi unamchukia nani.

Nikaiona tena sindano ile imegonga kizuizi, inatetemeka, na Vitalis anatazama bamba badala ya kunitazama mimi. Alikuwa anasema yale maneno na kumchukia anayeyasema, yaani yeye mwenyewe. Angenionya, nisingechukia. Angenieleza baadaye, ningesamehe, na Januari sindano zingepanda. Kwa hiyo aliniacha niamini, akaenda zake na mate yangu kwenye viatu. Alikuwa amehesabu hata misiba.

Kitu kilifunguka kifuani, na mara hiyo hiyo nikaogopa, kwa sababu ndicho hasa kitu ambacho hakikutakiwa kufunguka.

Nilipotoka mbele, wageni walikuwa wanaaga. Tusekile alikuwa uani kwenye kiti chake, kishikwambi kifuani, amevalishwa shela jeusi. Vitalis alipita karibu naye akielekea langoni.

"Babu Mdemu," kikasema kishikwambi, na ua mzima ukasikia. "Koti hilo bado limekushinda. Hata mwenyewe kachoka kulisubiri."

Watu walishikilia vinywa. Vitalis alisimama. Aligeuka, akanitazama, na sijui aliona nini usoni pangu, ila mabega yake yalitikisika kidogo ndani ya lile koti. Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, kile chenyewe, na nyuma yake niliyaona machozi ya kumlilia mama yangu yamejipanga yanangoja zamu. Mbele ya kifua cha mtoto kile kioo kilikuwa kinawaka, kinasikiliza.

Nikatafuta jembe. Nililitafuta kichwani, lenye kutu, mvuani, na sauti yangu ikimfokea Longinus, nikalishika kwa mikono yote miwili hadi kicheko kikarudi chini.

"Afisa," nikasema. "Lango liko kule."

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Tutaonana Januari."

Akaenda. Hakugeuka tena. Niliinama nikamfuta Tusekile kidevu, ingawa hakikuwa na kitu.

"Mbona hamjacheka?" akaniuliza. "Ilikuwa nzuri. Niliiandaa tangu kanisani."

"Mimi na yule hatuchekeshani," nikasema, kwa sauti ya kutosha ili kishikwambi kisikie.